Mama Susan, Fundi wa Sare, na Miezi Saba Tuliyoongezewa

Mwaka umetimia, Mama Susan, tangu ututoke hapa nyumbani Munuki, wewe Keji Lokosang wetu.

Tunakukumbuka na cherehani yako pale sokoni Custom. Ulishona sare za shule, na ukiona mtoto ni wa kurefuka haraka ulimwachia pindo kubwa bila kuombwa. Ulipenda chai ya tangawizi kali. Kubishana ulikupenda zaidi.

Siku mkasi ulipokuponyoka na mdomo ukaenda upande, jirani yako Namutebi, muuza chapati, hakungoja mtu. Alikupakia kwenye raksha ya magurudumu matatu, akakushikilia hadi hospitali.

"Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?" daktari akamuuliza.

"Saa tatu na robo. Mimi iko na uhakika, daktari. Alikuwa ananigombeza, eti chapati yangu iko na mafuta mingi."

Ugomvi ule ulikufaa, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache tu tangu kiharusi kianze.

Picha ya kichwa ilionyesha donge la damu limeziba mshipa mkubwa upande wa kushoto. "Dawa inaweza kulifungua," daktari alisema. "Inaweza pia kumvujisha damu ubongoni. Amueni sasa."

Mume wako Edrine alishika kalamu, akaisoma fomu ya idhini mara mbili. Binti yenu Susan akamwambia, "Baba, Mama angekuwa anatugombeza saa hii. Tia sahihi."

Akatia. Saa moja tangu dawa iingie haikuisha, ukainua mguu wa kulia, kisha mkono. Tulilia kwa furaha. Lakini donge halikuyeyuka lote. Kipande kilisukumwa mbele na damu, kikakwama kwenye mshipa mwembamba, nacho kikakunyang'anya maneno. Kiswahili ulichochumbiana nacho na Edrine ulipokuwa mkimbizi Uganda hakikurudi. Ulibaki na Kibari tu, lugha ya utoto wako.

Basi Edrine, Mganda ambaye kwa miaka ishirini hakuvuka salamu za Kibari, akakaa kitako kujifunza. Akikosea ulimpiga kofi dogo gotini, ukacheka hadi machozi. Kufikia mwezi wa tano mlikuwa mnabishana tena, na ulikuwa unamshinda.

Mwezi wa saba, kiharusi cha pili kilikukuta usingizini. Asubuhi daktari aliuliza kilianza saa ngapi; hakuna aliyejua, na bila saa dawa ile haitolewi. Tukakurudisha nyumbani. Siku zako mbili za mwisho Edrine alikaa kando yako akikusemesha Kibari, polepole, bila mtu wa kumsahihisha.

Unakumbukwa na mumeo Edrine. Wanao Susan na Gaetano. Dada yako Lilly anayeishi Lemon Gaba. Na Namutebi, ambaye sasa ni ndugu yetu.

Hatutakusahau, Mama Susan, maisha yetu yote.