Agape Alivyosema kwa Mikono Miwili

Katubuka,
Kigoma.
22 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Dismasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwakeye, mdogo wangu, maana najua utaifungua barua hii asubuhi kabla hata ya chai. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Baridi ya huko Winnipeg imekwisha kweli, au bado mnavaa makoti? Wifi yangu Verediana na mtoto wetu Adolf wameamkaje? Huwa nawataja kila jioni tunaposali, na Adolf namtaja mara mbili kwa sababu sijawahi kumshika.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unanisumbua nikikaa sana sokoni, lakini nikilala unapoa. Shemeji yako Thobias bado yuko kwenye maghala ya bandarini, nywele zimekuwa nyeupe zote na hataki kuambiwa. Mvua zimekata, upepo wa ziwa umeanza. Samaki migebuka wamepatikana kwa wingi mwezi huu, nikakukumbuka wewe uliyekuwa unaanza na kichwa.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniandikia kwenye simu maneno mawili tu: "Inafanya kazi?" Ulikuwa unauliza ile pawa benki uliyomtumia mpwa wako Agape, ile inayochaji bila waya. Nilishindwa kukujibu kwa neno moja. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na Sista Scola anayekuja huko masomoni amekubali kuibeba barua hii.

Nianze na ukweli: mwanzoni haikufanya kazi. Ilipofika tulidhani ni kioo cha kujitazamia. Agape akasoma karatasi yake, akaichaji ikajaa, akaibandika nyuma ya simu, ile simu yako uliyomwachia tulipomzika mama. Ikaanguka. Akaibandika tena, ikaanguka tena. Thobias akasema labda hiyo ni ya simu za huko kwenu. Basi ikakaa kwenye meza ya cherehani, na kwa vile ina sumaku, Agape akaifanya ya kuokotea pini na sindano zilizodondoka chini. Usikasirike. Kwa kazi hiyo tu tulikuwa tayari tunakushukuru.

Lakini simu yenyewe ilikuwa na shida ambayo hatukukuambia. Tundu la chaji lilikuwa limelegea. Ili chaji iingie, lazima mtu aushike waya kwa kidole na kuupinda kidogo upande wa kushoto. Wewe ungeweza kuushika hivyo huku unaongea. Agape hawezi. Mtoto asiyesikia huongea kwa mikono, na mkono mmoja ukishika waya, nusu ya maneno yake imefungwa. Na yeye simu anazopiga ni za kuonana uso kwa uso, ambazo zinakula chaji kama moto unavyokula nyasi kavu. Kwa hiyo mazungumzo yake na wenzake yalikuwa yanakatika kila siku, naye alikuwa anarudi tu kwenye cherehani.

Sasa kuna habari kubwa. Agape amepata mchumba. Anaitwa Amosi, naye ni kiziwi, fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Mwenyewe nilikwenda kumwona kwa siri kabla hawajaja nyumbani. Anaweka kiganja juu ya injini inayonguruma, anafumba macho, kisha anakuonyesha kwa kidole mahali penye ubovu. Wavuvi wanampangia foleni. Kwao ni Kagunga, baba yake ni Mzee Faustini, mvuvi wa siku nyingi.

Wazee walipanga kukutana hapa kwetu Jumamosi ya tarehe 31 Mei, saa nne asubuhi. Mwalimu Rahabu, aliyemfundisha Agape lugha ya alama tangu ana miaka saba, ndiye angekaa katikati na kutafsiri. Lakini alikuwa amekwenda Kagunga kwenye msiba. Mzee Faustini na mwanawe, aliyekuwa amekwenda kumchukua, waliwahi boti ya Alhamisi wakafika salama. Mwalimu alingoja ya Ijumaa. Ijumaa ziwa lilichafuka, boti haikuondoka. Na mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Rahabu akanipigia kwenye kitochi changu, kasimu kangu ka vitufe. Akasema atapanda pale juu shuleni panaposhika mtandao, tumpigie kwa simu ya Agape waonane. Nikamwonyesha Agape kwa mikono, kama ninavyojua. Akanigeuzia simu. Asilimia nne. Simu ya Amosi ilikuwa kwa fundi imepasuka kioo, na sisi wazee wote tuna vitochi.

Wageni wakafika, wakakaa. Kaka yake Thobias, Mzee Gasper, ndiye aliyeshika mazungumzo kwa upande wetu. Akasema, "Mwalimu hayupo, lakini shauri lenyewe si gumu. Hawa watoto hawasikii, sisi ndio masikio yao. Tuendelee."

Wakaendelea. Na walichokuwa wamepanga ni hiki, mdogo wangu: ndoa ifungwe, kisha Agape aende kukaa Kagunga kwa mama yake Amosi. Amosi abaki Kibirizi na kazi yake, awe anakwenda mwisho wa mwezi. Walisema viziwi wawili hawawezi kukaa peke yao. Mtoto akilia atasikiwa na nani? Mwizi akivunja mlango?

Nami nilikuwa nimekubali. Nakuandikia hili kwa aibu. Niliambiwa wiki moja kabla, nikaitikia kwa kichwa. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Sikumwambia Agape, kwa sababu ishara ninazojua mimi ni za nyumbani: kula, njoo, sokoni, mvua. Hakuna ishara niliyoijua ya kumwambia mtoto wangu kwamba tumempangia maisha ya mbali na mume wake.

Agape alikuwa anatazama midomo. Sijui aliokota nini, labda neno Kagunga, maana lilitajwa mara nyingi na kila likitajwa wanamtazama. Alisimama, akachukua daftari lake la vipimo, akaandika kwa herufi kubwa na kulishika juu kifuani: NGOJENI. Mzee Gasper akasema kuandikiana kutatuchukua mpaka kesho. Agape akaliacha daftari kwenye mapaja ya mzee akaenda kwenye meza ya cherehani.

Nilimwona akibandua pini moja moja kwenye ile pawa benki yako. Kisha akaigeuza simu, akalitazama lile ganda nene la mpira alilolinunua ili simu isivunjike, akalibandua. Akapangusa mgongo wa simu kwa kitambaa. Alipoisogeza pawa benki karibu, ikaruka yenyewe ikang'ang'ania, na alama ya chaji ikawaka. Kumbe shida yote ilikuwa lile ganda. Ile ya kwako ina kimguu cha kukunja kwa nyuma. Akakifungua, akaisimamisha simu juu ya meza, mikono yake yote miwili ikiwa mitupu. Akampigia Mwalimu.

Uso wa Mwalimu Rahabu ukatokea, nyuma yake ukuta wa shule. Akatusalimu wote kwa sauti, akamwuliza Mzee Gasper tumefikia wapi, akamweleza Agape yote kwa mikono. Halafu akasema, "Kuanzia sasa ninachosema si changu. Ni cha Agape."

Dismasi, nimemzaa mimi yule mtoto, lakini siku ile ndiyo niliyomsikia.

Mikono yake ilianza taratibu, na sauti ya Mwalimu ikaifuata. "Baba zangu, shikamooni. Mama, shikamoo. Mwalimu ameniambia mnachokipanga. Mimi nimekubali kuolewa na Amosi. Sijakubali kuolewa na Kagunga."

Mzee Faustini akajiweka sawa kwenye kiti. "Kwetu Kagunga pana ubaya gani?"

"Hapana ubaya, baba. Nitakuja kuwasalimia na kuwashonea. Lakini cherehani yangu iko hapa, wateja wangu wako hapa, na mume wangu yuko hapa. Mnasema mtoto akilia hatutasikia. Nitalala naye kifuani, nitamhisi. Amosi anaijua injini mbovu kwa kiganja, hatashindwa kumjua mtoto wake."

Mzee Faustini alimgeukia mwanawe, kisha akaiambia simu, "Mwalimu, hebu niulizie Amosi anasemaje. Mimi na huyu tunaelewana kwa kuonyeshana vitu tu. Kitu kisipokuwepo, hatukisemi."

Amosi akasogea mbele ya simu. Mikono yake ni mikubwa, ina grisi isiyotoka. Mwalimu akaanza kucheka kabla hajatafsiri. "Anasema amekwisha kupata chumba hapa hapa Katubuka, nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe. Amekichagua makusudi, ili mtoto akilia wao wasiposikia, bibi yake asikie."

Hata Mzee Gasper alicheka. Mimi nilijifuta macho kwa khanga.

Lakini Agape alikuwa hajamaliza. Alimgeukia baba yake. Thobias alikuwa amekaa pembeni muda wote kama mgeni, mikono katikati ya magoti.

"Baba," Mwalimu akasema, na sauti yake ikashuka, "nina miaka ishirini na minne. Mama huniuliza kama nimekula. Wewe hujawahi kuniuliza kitu chochote."

Unamjua shemeji yako, si mtu wa maneno hata kwa wanaosikia. Nilidhani atatoka nje. Alikohoa, akainama kuelekea kwenye simu. "Mwalimu, naomba umwulize kama..."

Mwalimu akamkatiza kwa upole. "Mzee Thobias, usinitazame mimi. Mtazame yeye, umwulize mwenyewe. Mimi nitakuwa mikono yako tu."

Thobias akainua kichwa. Walitazamana baba na mtoto, nami nikaona kwamba wana macho yale yale, jambo ambalo nilikuwa sijaliona vizuri. "Agape," akasema, "unampenda huyu kijana?"

Agape akamtazama Mwalimu kwenye simu, akarudisha macho kwa baba yake, akajibu kwa mkono mmoja na uso mzima. Tukangoja tafsiri. Mwalimu akasema, "Hilo halinihitaji mimi."

Mazungumzo yaliendelea karibu saa mbili. Simu ilipata joto, nikakaa kando yake naipepea kwa ungo kama mgonjwa. Kwa kuwa ilikuwa inatumika na kuchajiwa kwa pamoja, ilipanda polepole sana, lakini haikuzimika hata mara moja. Tulipoagana na Mwalimu ilisoma asilimia kumi na tisa. Harusi itakuwa Oktoba, na wataishi Katubuka. Mzee Faustini mwenyewe ndiye aliyelisema la mwisho.

Wageni walipoondoka nilimwomba Agape msamaha. Sikuwa na ishara yake. Nilimshika mikono yote miwili nikaiweka usoni kwangu. Alielewa, au alinihurumia, sijui. Akanionyesha jinsi neno lenyewe linavyosemwa, akanifanya nirudie mpaka nikalipatia.

Sasa kila Jumamosi Mwalimu Rahabu anakuja hapa, na mwanafunzi wake mkubwa ni shemeji yako. Vidole vyake vimekakamaa kwa kazi ya maghala, herufi nyingine zinamtoka vibaya. Juzi alitaka kumwambia Agape kwamba nguo aliyoshona ni nzuri, akamwambia ni mbuzi. Agape alicheka mpaka akakaa chini.

Mdogo wangu, mjomba hakosi harusi ya mpwa wake. Najua kazi ni nyingi na safari ni ndefu, lakini anza kuomba ruhusa mapema. Na kabla hujaja, jifunze japo salamu. Agape ameniagiza nikuandikie hivyo, na kwamba hatakubali umpungie mkono tu kama zamani.

Nisalimie sana Verediana, mwambie mbegu za mboga ya lenga-lenga alizoniomba nimezifunga pamoja na barua hii. Mbusu Adolf. Mzee Gasper anakusalimu, Mwalimu Rahabu pia ingawa hamjaonana, na Amosi anauliza kama mto wa huko kwenu una boti. Bikira Maria akufunike kwa vazi lake, kazini na njiani, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Jana jioni Thobias alitoka kazini, hakuja jikoni kama kawaida yake. Alivuta kigoda akakaa mbele ya cherehani, akamwuliza Agape kitu kwa mikono. Agape akaacha kushona, akamjibu. Akauliza tena. Agape akawa anamsahihisha vidole, na wanaendelea. Ugali ulipoa, nami sikuwaita. Baadaye nilimwuliza Thobias walikuwa wanazungumza nini muda wote ule. Akanawa mikono, akakaa kula, akaniambia ni mambo yao wawili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Honorata