Baba Ameingia Darasani Kwako, Mama

Mwaka umezunguka, Mama, tangu maradhi ya figo yakutoe mikononi mwetu. Ile karakana ya chuo ulimofundisha bado tunaiita “kwa Mama”.

Wanafunzi walikuita Spana, nawe ukaitika. Ulikuwa ukirudi unanuka grisi, unamkuta Baba kibarazani, unamsihi ajifunze ufundi wa mitambo kabla kiwanda anachofanyia kazi hakijaleta mashine za kufungasha. Alicheka. Aitwe mwanafunzi wa mkewe, watu waseme nini? Ukamjibu kwamba watu hao hawali sahani moja na sisi.

Ulipotutoka, mashine zililetwa. Baba na wafungashaji wenzake wakarudishwa nyumbani. Tulimwogopea sana. Simu ikilia anashtuka, nasi tunashtuka kwa kuwa yeye kashtuka. Kisha asubuhi moja tukamkuta amevaa ovaroli lako, mikono imemwishia kwenye viwiko. Akasema anakwenda chuoni. Mama mdogo alitaka kucheka, akalia.

Anafundishwa na binti uliyemfundisha mwenyewe. Humwita Baba, na hamwonei haya. Hofu yetu ikazidi: umri ule, macho yale, na mashine haijui huruma. Kila jioni tulimhesabu vidole huku tukijifanya tunamsalimia.

Juzi ulikuwa mtihani wa vitendo. Alipewa mtambo wa kusukuma maboksi uliogoma. Alizima umeme, akafunga swichi kwa kufuli lake, akatia ufunguo mfukoni. Akabonyeza kitufe cha kuwashia ili kuhakikisha: kimya. Lakini alipotaka kuingiza mkono, akaurudisha. Darasa zima likamtazama.

“Baba, unaogopa nini?” mkufunzi akauliza.

“Naogopa tu, mwalimu. Nina watoto wananisubiri. Ngoja nikague tena.”

Akakagua tena, akifuata mabomba moja baada ya jingine. Kumbe umeme ulikuwa umekatika, lakini hewa ilikuwa imebanwa ndani ya bomba. Alipoifungulia, mkono wa chuma wa mtambo ukafyatuka, ukagonga pale pale alipotaka kuweka wake. Mkufunzi alikaa chini. Hakuwa ameutega mtego. Valvu ya kutolea hewa ilikuwa imeziba bila yeye kujua. Baba akabadilisha beringi iliyokufa, mtambo ukaenda.

Amefaulu, Mama. Jumatatu anaanza mazoezi katika kiwanda kile kile kilichomrudisha nyumbani. Tumemwomba aache, usingizi umetupaa. Amekataa.

“Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio,” ametuambia. “Na mimi mwoga. Nitarudi.”

Tunataka kumwamini. Wewe ungejua la kumwambia. Sisi tumeishia kumpigia pasi shati.

Wanaokukumbuka: mumeo ambaye sasa ni fundi mwanafunzi, wanao wawili, mdogo wako, na mkufunzi aliyeshika chaki yako.

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama. Jumatatu jioni tutakuwa langoni, tunamngoja.