Nyuki Ndani ya Kisanduku cha Vipimajoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Wiki mbili za kumsaidia binti yangu na mtoto wake mchanga — mgongo unauma, na tayari nimeshamkumbuka yule kichanga!

Saa tatu asubuhi nikachukua daftari nikaenda uwanjani kusoma vipimajoto, kama nifanyavyo mwaka wa kumi na tisa huu. Kisanduku cheupe kipo palepale, juu ya miguu yake minne. Nikashika kitasa. Kinavuma! Nikaachia.

Nyuki. Wanaingia na kutoka katikati ya mbao kana kwamba wana hati ya nyumba.

Nikamwuliza Shemeji, mdogo wake mume wangu. Ndiye niliyemwachia kituo hiki cha hali ya hewa. Akasema wamekuja siku ya tatu tangu niondoke. Sasa vipimajoto ulisomaje? Akasema alisoma tu. Kwa mbali. Mlango umefungwa, unasomaje kwa mbali? Akaenda kuchemsha chai. Hatujaimaliza hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepitia daftari. Siku kumi na mbili za mwandiko wake mzuri. 28.4. 28.6. 28.5. Joto limetulia tuli kama maji ya mtungi. Tarehe 26 Februari kipimamvua kinaonyesha milimita arobaini na moja — hicho kiko mbali na nyuki, alikisoma kweli. Mvua ya kutwa nzima. Na joto la mchana? Thelathini na moja! Kipaji anacho.

Nilimwita. Sikupaza sauti. Alikaa akitazama kucha zake. Akasema alijaribu kufungua mara moja, wakamdunga shavuni na shingoni. Hakutaka kunipigia simu, nilikuwa hospitali na binti. Basi siku moja akakisia. Ya pili ikawa rahisi zaidi.

"Ni namba tu, shem."

Namba tu! Nikamwambia zinakwenda kwa watu wa bwawa. Zinakwenda kwa wakulima wanaosubiri kuambiwa wapande lini. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hii. Sahihi yangu iko kwenye fomu yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimetundika kipimajoto cha akiba kivulini, nyuma ya ofisi. Vipimo vya kituo nachukua hapo kwa sasa, na nimeandika hivyo pembeni.

Kipimajoto kingine, chenye waya mrefu, nilikifunga kwenye mpini wa ufagio, nikachomeka ncha ya waya ndani ya kisanduku. Kichwani nimejifunika pazia la dirisha la ofisi. Mpishi wa shule ya jirani alipita njiani akanipa hongera ya ndoa. Mjinga yule!

Saa tatu: nje 21, ndani 35. Nikasema kimeharibika. Saa tisa mchana: nje 36, ndani 35. Hakijaharibika.

Nikageuza ndoo nikaikalia, nikatazama. Mlangoni wamejipanga, vichwa vimeelekea ndani, wanapiga mabawa wala hawaruki. Nikasogeza mkono — upepo wa moto unanipiga kiganjani! Wanapuliza joto nje. Wengine wanakwenda kwenye bomba linalovuja nyuma ya choo, wanabeba maji. Saa kumi na moja joto halijapungua; kundi zima la waliokosa kazi likatoka likaning'inia chini ya kisanduku kama ndevu. Kupunguza msongamano ndani, nadhani.

Miaka kumi na tisa napima joto. Sijawahi kuona mtu analishika lisimtoroke.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia mkuu makao makuu. Akasema kituo si mzinga. Nipulize dawa, wafe, nisafishe. Mkaguzi anakuja Jumatano. Nikamwomba nitafute mtu wa kuwahamisha. Akaguna. Akasema Jumatano jioni Mkaguzi asikute hata mmoja.

Habari ya zile namba sikumwambia. Niliifikisha kwenye ulimi, ikagoma.

Nimempata mfugaji nyuki, mama mmoja mwenye sauti ya kupigia watu kelele ng'ambo ya bonde. Wanamwita Mama Nta. Ana nafasi Jumatano, saa nane. Hiyohiyo Jumatano!

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri, na baridi. Nje 16. Nikasema leo wamekwisha. Ndani: 34.6!

Hakuna hata mmoja nje. Mama Nta kanieleza kwa simu: wamejibana juu ya masega, wamewakumbatia majana — ndio watoto wao, weupe kama punje za wali. Wanatetemesha misuli ya mabawa, mabawa yenyewe yametulia, na mwili unapata moto. Kuni zao ni asali. Walio nje ya rundo wakipoa wanajipenyeza ndani. Akasema nikifungua mlango kwa baridi hii nitaua watoto wote. Mimi nifungue! Mimi mwenye pazia!

Saa nne akatokea Shemeji. Si zamu yake. Akasimama hatua tano hivi, kofia ya koti imemfika machoni.

"Wanapataje moto humo bila jiko?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema siku ile ya mvua kubwa yeye alijifunika blanketi ofisini kutwa, akaandika thelathini na moja kwa sababu ndivyo alivyojisikia. Tulicheka mpaka machozi. Kisha wote wawili tukaacha kucheka.

Nyumbani mume wangu kasema niyaache yaishe, nani atajua? Mdogo wake ana mke mjamzito. Najua. Mimi ndiye niliyemshonea nguo za uzazi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechukua rula na kalamu nyekundu. Mistari kumi na miwili. Pembeni ya kila mmoja: *Hakikusomwa.* Safu ya sababu nimeiacha wazi.

Nikampa Shemeji kalamu. Akaishika muda mrefu. Akasema nimpe mpaka Jumatano. Sikumlazimisha. Lakini hiyo mistari haifutiki tena — na mimi nimepumua.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haya kwenye goti, ofisini.

Mama Nta alifika saa nane kamili. Moshi kidogo, mlango ukafunguka. Masega matano, marefu kama viganja viwili! Akaanza kuyakata moja moja na kuyafunga kwa uzi ndani ya mzinga wake wa mbao. Matatu yakaingia. Mara upepo ukageuka, ubaridi, matone ya kwanza. Akapiga kelele: aletwe mtu na mwavuli, majana wako wazi, wakilowa ndio basi! Mimi nilikuwa nimeshika taa ya kumulikia ndani ya kisanduku, na uzi. Nikageuka — Shemeji anakuja mbio, pazia kichwani, mwavuli wa ofisi mkononi. Akasimama katikati ya nyuki.

Na gari la Mkaguzi likaingia getini.

Nimempokea. Kapangusa viatu, kakaa, kafungua daftari. Mistari myekundu. Safu ya sababu, tupu. Akauliza kwa upole kabisa nani alikuwa zamu siku hizo.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Shemeji dirishani, juu ya mvua:

"Mimi! Mwambie ni mimi, shem! Nilizitunga kichwani! Nakuja kumweleza, ila nikiachia huu mwavuli sasa watapata baridi!"

Mkaguzi katazama dirishani. Muda mrefu. Mwavuli uko juu ya mzinga wote. Shemeji mwenyewe analowa, na hapo shingoni naona nyuki watatu, wanne. Hapeleki mkono.

Bado masega mawili.

Mkaguzi kasimama. Anavaa koti lake. Daftari kaliacha wazi mezani, na kalamu juu yake. Anatoka nje, anakwenda kule kwa Shemeji, mkono umetangulia kuupokea mwavuli.