Mgeni Aliyepishwa Kusalisha

Mdogo wangu Idi,

Salaam kutoka Tukuyu, ambako mvua haikatiki na baridi imeingia mifupani. Leo adhuhuri Mwarabu mmoja alijikinga mvua kwenye baraza ya msikiti. Waumini wakamvuta kanzu Shehe Mwakalinga, Mnyakyusa mwenzetu aliyetufundisha Kurani sisi sote: "Mzee, mpishe Mwarabu atusalishe!"

Mgeni akashtuka. "Jamani, mimi Mkristo."

"Mwarabu gani huyu?" wakaguna.

"Wa kweli!" nikafoka. "Kwani dini hukaa puani?"

Nakuungamia, maana siku zangu zimekwisha: waliposema Mnyakyusa hawi Mwislamu kamili, miaka yote nilinyamaza. Nikifa, anisalie Mwakalinga. Wakimsogeza kando, uwafokee kwa Kinyakyusa mpaka nisikie jenezani.

Nakupenda, mdogo wangu. Shemeji apate salamu zangu.

Kaka yako,
Yusufu