Jezi ya Kumi na Mbili

Iyunga, Mbeya
6 Mei 1956

Shemeji yangu Kasian,

Hujambo? Dada yangu Tupokigwe hajambo? Cherehani bado inalia? Sisi tunapumua. Baridi imewahi, kahawa inaiva, na kila alfajiri mama anampashia mdogo wangu Lutengano maji ya kuoga, kisha anakumbuka kuwa hayupo.

Miezi miwili sasa tangu lori la timu lipinduke pale kwenye mteremko wa Inyala likitoka kwenu Iringa, na Bwana Edmund na nduguye hawajakanyaga kwetu. Timu tuliianzisha sisi vibarua wa kinu chao cha kahawa, kwa mpira wa matambara. Wao wakaleta mpira wa ngozi na lori, wakaitwa wenye timu. Kipa wao Lutengano amekufa, wakamtuma karani Ezekia. Unajua alifuata nini? Jezi! Ile ya kijani uliyoishona wewe. Mama aliifua akampa.

Basi mashabiki tumekubaliana: hakuna makofi wala ngoma mpaka waje wakae kwenye mkeka wa msiba kama watu. Siku ya mechi tutawapa mgongo.

Mama ana swali moja. Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha, na mdogo wangu hakupenda safari za mvua. Mbona hakulala kwa dada yake? Wewe ndiye uliyemwona mwisho.

Shemeji yako,
Isakwisa


Mlandege, Iringa
20 Mei 1956

Shemeji Isakwisa,

Kamwene. Huku tu wazima wa mwili. Tupokigwe usingizi haumjii, ila anakula. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Mwambie mama kwamba Lutengano alikula ugali kwa kuku akashiba, akamtania dada yake, akapanda lori kwa miguu yake. Hakusema lolote.

Na hao wenye timu, shemeji, waacheni. Mwenye nguvu mpishe. Wakiwafukuza kinuni mtakula hiyo migongo yenu?

Shemeji yako,
Kasian


Iyunga, Mbeya
18 Juni 1956

Shemeji Kasian,

Salamu kwenu nyote. Sisi wazima.

Jana ilikuwa mechi. Ezekia alimvisha kipa mpya, Mika wa Tukuyu, jezi ya Lutengano palepale pembeni ya uwanja, mbele ya mama. Hawajui walichofanya. Kwetu anayevishwa nguo ya marehemu mbele ya wafiwa amechukua nafasi yake, ni mwana wa nyumba ile.

Tukageuza migongo, watu kama mia nne. Kimya kabisa, mpira tu ukidunda. Halafu nikasikia nyuma yangu, “Yangu hiyo, achia!” Sauti ya Lutengano, na kile kikohozi chake kifupi. Sikugeuka. Niliogopa, shemeji, nasema kweli. Aliyegeuka ni mama peke yake.

Mpira ulipokwisha alimshika Mika mkono akaja naye nyumbani, akampakulia. Akamwuliza kama anayemwuliza mwanawe, “Mbona hukulala kwa dada yako?” Mika hajawahi kufika Iringa. Akajibu huku anatafuna, “Shemeji alinikatalia.” Kisha akaacha kula, akatutazama, akatuuliza yeye kasema nini.

Nami nakuuliza wewe.

Shemeji yako,
Isakwisa


Mlandege, Iringa
2 Agosti 1956

Shemeji Isakwisa,

Kamwene, wewe na mama. Barua tatu nimeziandika nikazichana. Hii naituma.

Lutengano alisema breki za lori zinalia, akaomba alale. Ezekia alikuwa mlangoni, akasema asiyepanda sasa asirudi kwenye timu. Nao wenye timu walikuwa wameniahidi kazi ya kushona jezi mpya za timu nzima. Niliogopa kuwaudhi. Nikamwambia, “Leo nyumba haina nafasi.” Nyumba ya vyumba vitatu! Nikamshika bega mpaka kwenye lori. Tupokigwe alikuwa jikoni, akadhani kaka yake ameamua mwenyewe. Jana nimemwambia. Amefunga nguo zake, amekaa juu ya mzigo.

Jezi nilizishona kumi na moja. Sijazipeleka. Kila nikizikunja naona ziko kumi na mbili. Nazikunjua, nazipanga mezani moja moja, ni kumi na moja. Nikizikunja tena, kumi na mbili.

Sijui nije au nisije. Niambieni.

Shemeji yako, kama bado wakubali,
Kasian


Iyunga, Mbeya
20 Agosti 1956

Kasian,

Tupokigwe amefika salama Jumatano.

Nilimsomea mama barua yako. Chungu kikaungua hajakiepua. Kisha akatoa mkeka wa pili, akautandika kando ya ule wa wenye timu. Huo wao hawajaukalia. Huu wa pili mama anaukung'uta kila asubuhi.

Mashabiki sijawaambia. Jana tuligeuka tena, na Bwana Edmund alikaa kitini akitazama migongo yetu. Zamani nilijua nampa nani mgongo. Jana sikujua kama ni wao, ni wewe au ni mdogo wangu, nikalia nikiutazama mlima, na nyuma yangu yule kipa akikohoa.

Mama anasema uje, na ulete jezi zote. Hiyo ya kumi na mbili usiogope kuikunja, ni ya Lutengano, naye ni wa timu. Ukifika jioni, mvua inyeshe isinyeshe, hutapanda gari lolote. Sisi tuna chumba kimoja na jiko, na wote tumejaa humo, na Mika pia. Lakini mama amenilazimisha niandike hivi, neno kwa neno: nyumba ina nafasi.

Kaka yake Lutengano,
Isakwisa