Maji na Pombe kwa Yaa

Kumasi, 3 Juni 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila moyo wangu hautulii. Jumanne Yaa atashonwa mdomo wake uliopasuka. Ufa wa kaakaa utasubiri hadi mwakani. Madaktari wamenionya asile wala asinywe chochote kabla ya kisu, chakula kisije kikamwingia mapafuni. Baba yake bado anakataa kumpa jina. Eti mtoto mwenye mdomo wa sungura hatolewi nje kuonyeshwa watu. Mama, naogopa.

Mwanao,
Serwaa

Nsuta, 5 Juni

Mwanangu Serwaa,

Sijambo, goti ni lilelile. Mwambie mkwe wangu naye ajitazame: pua yake hutangulia kuingia chumbani, yeye akafuata. Lakini hilo la jina limeninyima usingizi. Yaa ni jina la kila msichana aliyezaliwa Alhamisi, wako tele. Mtoto asiyepewa jina akifa, tunakatazwa hata kumlilia. Mjukuu wangu haendi kwenye kisu hivyo. Mama yako mdogo Boatemaa anakuja huko.

Mama yako

Kumasi, 7 Juni

Mama,

Leo sikuulizi hali. Nilitoka wodini kufua nepi, niliporudi nikamkuta mama mdogo amempakata Yaa, anamdondoshea ulimini maji, kisha pombe, kama tunavyompa mtoto jina: "Ukisema maji, yawe maji. Ukisema pombe, iwe pombe." Vilipita kwenye ufa vikatokea puani. Mtoto alikabwa, midomo ikawa ya bluu. Wauguzi wamemwokoa, lakini upasuaji umeahirishwa. Ana homa, kifua kinakoroma. Nina hasira nawe, Mama. Hata sikuuliza ni jina gani.

Serwaa

Nsuta, 10 Juni

Mwanangu,

Nisamehe. Nilimtuma Boatemaa ampe jina langu, Pokuaa. Nilifikiri kifo kikija kumwita, nitawahi kuitika mimi. Niandikie, hata neno moja.

Mama

Kumasi, 28 Juni

Mama,

Shikamoo. Homa ilikawia kushuka, ndiyo maana nilinyamaza. Sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Jana, mlangoni pa chumba cha upasuaji, muuguzi aliuliza, "Huyu nani?" Nikajibu, "Pokuaa." Wakamchukua. Nilikaa chini nikilitaja jina hilo mpaka koo likakauka. Walipomrudisha nilishtuka, sikumjua. Mdomo umevimba, una nyuzi nyeusi, lakini umeungana.

Mwakani ni zamu ya kaakaa. Usimtume mtu. Njoo mwenyewe, Mama, na uje mikono mitupu.

Mwanao,
mama yake Pokuaa