Moraa wa Sehemu ya Thelathini na Moja

Suneka, Kisii
12 Machi 2024

Kwa dada Moraa,

Pokea salamu nyingi. Huku hatujambo, goti la Mama limetulia na anakula vizuri. Je, wewe na baridi ya Toronto? Naandika kwa sababu simu tukipigiana tunaishia kugombana, na leo sitaki ugomvi.

Kibanda changu cha video kimepata neema. Nimeletewa tamthilia ya Kichina ya watu wa panga, sehemu arobaini, imetolewa kwenye kitabu. Watu wazima wanaruka juu ya mapaa kama kuku waliotishwa! Kichina sijui hata neno moja, kwa hiyo nashika kipaza sauti natafsiri kwa kuwatazama nyuso. Majina yao yaliwashinda wateja, nikawapa ya kwetu. Bibi kizee wa hekalu la mlimani, fundi wa upanga, ni Mama Mkubwa. Binti aliyemlea nimemwita Moraa.

Sasa Mama Mkubwa amemtuma mbali kutafuta dawa, na miaka inapita hajarudi. Tunaonyesha kila Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni. Mama yetu ana kiti chake cha mbele, hakikaliwi na mtu. Moraa akishinda pigano, anapiga makofi mpaka kitambaa kinamtoka kichwani. Kila tukimaliza ananiuliza, "Atarudi lini?" kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Na wewe Agosti unakuja, sivyo?

Nduguyo,
Nyakundi

Weston, Toronto
20 Machi 2024

Ndugu yangu Nyakundi,

Salamu zako zimefika, asante. Mimi ni mzima, kazi ya kuwatunza wazee inaendelea, na theluji bado haijaaga. Nimeisoma barua yako tena asubuhi hii kwenye treni, nikacheka mpaka jirani yangu akahama kiti. Mwenzangu wa kazini, Nazmin wa Arusha, anaifuata tamthilia hiyohiyo, na kitabu chake anacho kwa Kiingereza. Anasema kwa tafsiri zako unastahili kufungwa.

Kuhusu Agosti, haitawezekana. Kazini tuko wachache. Labda Desemba. Mweleze Mama taratibu. Najua huu ni mwaka wa nane, usinikumbushe.

Dada yako,
Moraa

Weston
4 Aprili 2024

Nyakundi,

Hujambo? Mbona kimya wiki mbili? Nyumbani kuna nini?

Jana nilimpigia Mama. Ili acheke, nikamwuliza habari za tamthilia. Akasema, "Sitazami tena. Yule binti amekufa." Kisha akasema mvua ni nzuri mwaka huu, akaniaga. Unajua alivyo: anaweza kuongea na mtu aliyekosea namba dakika ishirini.

Nimemwuliza Nazmin. Binti anaanguka gengeni sehemu ya ishirini na nne, kweli, lakini hafi. Sehemu ya thelathini na moja anarudi mlimani mzima kabisa. Umefanya nini huko?

Dada yako,
Moraa

Suneka
6 Aprili 2024

Dada Moraa,

Afya tunazo. Mimi nina aibu tu.

Barua yako ya kusema Agosti haiwezekani iliingia kwenye simu saa tisa. Saa kumi nilikuwa na kipaza sauti mkononi, Mama yuko mbele yangu, na yule binti anaanguka gengeni. Hasira ikanishika. Nikasema, "Moraa ndiyo basi. Amekufa. Msimngoje tena."

Mama akachukua mkoba wake akatoka, na hajarudi tangu siku hiyo. Kesho yake majirani walikuja kunipa pole, mmoja na sukari nusu kilo. Niliipokea, ningefanyaje?

Nilitaka uumie wewe, nikamwumiza yeye. Silali vizuri, dada.

Nimechungulia mbele kidogo tu, ni kweli anarudi. Jumamosi ijayo ndiyo zamu ya sehemu hiyo. Wateja watanizomea, na nimestahili, ila nataka Mama aone. Kitabuni binti anasema nini akifika? Nitafutie maneno yenyewe, nisije nikaua mtu tena.

Nduguyo,
Nyakundi

Weston
9 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Natumaini mmeamka salama. Nilikukasirikia siku mbili, nimeshamaliza.

Kitabuni hasemi neno. Anafika langoni, anapiga magoti, paji la uso linagusa ardhi mara tatu, ndiyo desturi yao ya kumwangukia aliyekulea. Nazmin anasema hata kwenye tamthilia ni muziki mtupu, dakika nne nzima. Basi nafasi unayo. Nisemee haya:

"Mama, sikuchelewa kwa sababu ya kazi. Kazi ni kisingizio. Baba alipozikwa sikuwepo, makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, na sikutupa udongo kaburini kama watoto wengine. Kila mwaka nakata shauri nije, kisha nalifikiria lile lango bila Baba, na macho ya watu, naogopa. Nisamehe."

Najua mlimani kwao hakuna makaratasi. Utajua la kufanya.

Dada yako,
Moraa

Suneka
13 Aprili 2024

Dada yangu,

Hatujambo, tena sana.

Mama nilimbembeleza tangu asubuhi. Akaja shingo upande, akakaa karibu na mlango. Binti alipotokea langoni watu walipiga mayowe, na mmoja akanirushia ganda la ndizi: "Wewe si ulishamzika?" Nikakiri mbele ya wote kwamba nilidanganya kwa hasira. Kisha nikaanza maneno yako. Nilikuwa nimepanga makaratasi yawe muhuri wa mfalme, lakini nilipofika pale nikayasoma yalivyo.

Mama akainuka. Akapita katikati ya watu mpaka mbele ya televisheni, akawaziba wateja wote, na hakuna aliyemwambia akae. Akamwambia yule binti, "Inuka mwanangu, utachafua nguo. Nani alikwambia nahesabu nani alitupa udongo? Walitupa wengi, ukatosha. Sasa kaburi la baba yako limeota magugu na mgongo wangu hauinami. Njoo tupalilie."

Watu waliinama wakitazama miguu yao. Aliyerusha ganda alikwenda kuliokota.

Mama akanigeukia. "Nyakundi, zima. Huyu wa Kichina nimeshamsamehe. Lete simu, nataka wangu aniambie mwenyewe."

Ameketi hapa kando yangu, simu mapajani. Shangazi amepiga mara mbili, amemkatia zote mbili. Piga, dada.

Nduguyo,
Nyakundi